Filimbi Niliyopuliza Juu ya Ploti

Nekesa binti yangu,

Umeenda kunyoa. Nimekusikia ukishuka ngazi kwa kelele, ukimtania keateka, msimamizi wa ploti, kwamba kesho akikuona akupigie saluti. Naandika haraka kabla hujarudi, kwa maana ukirudi na hicho kichwa chako kikiwa kipara nitacheka, na nikishacheka nitalia, na mimi nikilia siandiki kitu tena.

Sikuandikii habari za soksi. Wala wanaume, wala sala, wala ile dawa ya kifua ambayo najua utaiacha chini ya kitanda makusudi. Hayo nimekuimbia mpaka yamekuchosha, na mengine uliyajua kabla yangu ukanyamaza kwa heshima tu. Ninachotaka kukuambia ni lile jambo ambalo wewe na mimi tumelala nalo katika chumba hiki kimoja tangu ulipokuwa kidato cha tatu, kila mtu akilipita pembeni. Nataka kuongea juu ya Wanjala.

Usiikunje karatasi. Soma.

Najua ulikuwepo. Lakini uliona kutoka pale uliposimama, na mimi niliona kutoka kwangu, na hatujawahi kuambiana. Kesho mtabebwa kwenda kufunzwa uaskari. Ploti yote imefurahi kana kwamba kila mlango umetoa mtoto wake. Mama Brayo anakanda unga wa chapati tangu asubuhi. Watoto wa ghorofa ya chini wanakuita Afande na hata kofia bado hujapewa. Hata mimi nilifurahi, Mungu ni shahidi. Siku ile uwanjani mlipokuwa mkiteuliwa, uliwashinda mbio wasichana wote ukawaacha wakishika mbavu, na yule ofisa akakuuliza nani alikufundisha kukimbia hivyo. Ukasema, "Ni mathe." Nilikuwa nyuma ya kamba na wazazi wengine nikasikia. Nilijigamba mpaka nikamkanyaga mtu.

Kisha wakakufungua kinywa kukagua meno, nikatazama kando. Wewe unajua kwa nini.

Acha nianzie mbali kidogo, unijue. Nilipokuwa msichana, babu yako akiwa mtu wa reli, nilikuwa natembea kutoka kwetu mpaka Pumwani kila jioni kwenda kupiga ndondi. Wasichana tulikuwa wachache, na kochi wetu, mzee mmoja mwenye sikio lililosagika kama mandazi yaliyokaliwa, hakutuonea huruma hata siku moja. Yeye ndiye aliyenifunza mazoezi ya mzunguko. Vituo vinapangwa kwa duara: hapa kamba ya kuruka, pale chuma, pale kuchuchumaa, pale gunia la kupiga. Kila mtu na kituo chake. Filimbi ikilia unahamia cha jirani, na jirani anahamia cha mwenzake, hakuna kukaa. Mikono ikiteseka miguu inapumzika, miguu ikiteseka mikono inapumzika, lakini wewe mwenyewe hupumziki. Siri yake yote ni hiyo. Ukimaliza duara unakunywa maji, unaanza upya.

Kuna mahali unafika katika mzunguko ambapo akili inazima. Unapajua. Moyo unapiga masikioni, jasho limejaa machoni, na mwili unaendelea wenyewe kama umetekwa na mtu mwingine. Makochi wote wanapatafuta pale. Pale ndipo mtu anapopata nguvu ambayo hakujua anayo. Nilipapenda mahali pale kuliko chakula.

Kulikuwa na msichana wa mtaa mwingine anaitwa Zuhura. Tulipigana ukumbini watu wakiwa wamejaa hadi madirishani. Nilimpiga tumboni, akainama, nikampiga sikio. Miguu yake ikaisha. Alikuwa ameegemea kamba za ulingo, mikono chini, macho yake yananitazama lakini hayanioni, damu ya pua inamwingia mdomoni anaimeza. Mtu mwenye akili angerudi nyuma. Mimi filimbi ilikuwa haijalia, basi nikaendelea. Nikampiga hadi mdomo ukafunguka kama mfuko. Nilisikia utamu, Nekesa, sitakudanganya, utamu mikononi hadi mabegani. Kochi akaniinua juu watu wakashangilia. Zuhura hakupiga ndondi tena baada ya siku hiyo, na niliambiwa alikuwa akianguka ghafla jikoni. Sikwenda kumwona. Nilijiambia mchezo ni mchezo.

Kwa hiyo usifikiri mama yako alikuwa malaika aliyekosea mara moja. Ukali huu ulionao, uliokufanya umvunje yule kondakta wa matatu kidole, hukuuokota njiani.

Baba yako alipofariki tukahamia huku Pipeline, jua lilikuwa halifiki mlangoni kwetu hata adhuhuri. Ukifungua dirisha unaweza kumwazima chumvi mtu wa ploti nyingine. Mahali pekee palipokuwa na hewa ni juu ya paa, kati ya matangi ya maji na nyaya za kuanika nguo. Ndipo nilipoanzisha mzunguko wangu. Unakumbuka tulivyokuwa tunamwaga saruji kwenye mikebe ya rangi, mimi na wewe na Brayo, tunachomeka bomba katikati ili iwe chuma cha kunyanyua? Lile tairi la lori lilipandishwa ngazi na vijana wakilaani kila ghorofa. Na ile nyundo kubwa ya kupigia tairi tuliyopewa na fundi wa mawe. Nilichora vituo kwa chaki sakafuni, nikanunua filimbi ya refa.

Vijana walikuja. Brayo alikuwa wa kwanza, kijana mkubwa kama mlango, anaogopa mama yake tu. Wengine wakafuata, wale ambao jioni wangekuwa wamekaa kwenye ngazi wakitafuna miraa na kutafuta pa kutia mikono. Sheria yangu ilikuwa moja. Filimbi ikilia, usiulize, usitazame nyuma, usiseme bado kidogo. Sogea. Aliyechelewa alirudishwa mwanzo wa duara, na wewe ulirudishwa mara nyingi kuliko wote kwa sababu ulikuwa mtoto wangu. Baada ya miezi hawakuwa wanasikia filimbi kwa masikio. Miguu yao ndiyo iliyosikia. Nikajivuna. Nikawaambia kina mama wa ploti, hawa wanangu mkiwaamsha usingizini nikapuliza, watahama kitanda.

Kisha nguo zikaanza kupotea kwenye nyaya.

Unajua uchungu wa kuibiwa nguo mbichi. Umefua, umepanga foleni ya maji, umepanda na beseni ghorofa zote hizo, unarudi unakuta vibanio. Sare ya mtoto, shuka, suruali ya kazi. Na nani hushinda juu ya paa? Wale wa mazoezi. Mama mmoja akamwambia Brayo usoni kwamba misuli ile inalishwa na nguo za watu. Keateka akasema nguo moja zaidi ikipotea tutashusha tairi letu. Vijana waliumia. Nami pia niliumia, na badala ya kunyamaza nikasimama katikati ya duara nikasema kwa sauti, "Siku tukimshika, tutamfanyisha mzunguko wote." Wakacheka. Wewe pia ulicheka. Mdomo huponza kichwa, ila wangu uliponza kichwa cha mtu mwingine.

Ilikuwa Jumamosi alasiri. Wingu lilikuwa limejikusanya upande wa uwanja wa ndege, jeusi, na upepo ulikuwa unapiga mashuka. Nilitaka tumalize kabla halijamwagika, kwa hiyo niliwaendesha vibaya. Hakuna maji kati ya duara na duara. Mmoja alitapika kando ya tangi akapanguza mdomo akarudi. Mlikuwa mmefika pale mahali, nyote. Niliona machoni mwenu hakuna mtu.

Akatokea mlangoni mwa ngazi mwanamume ambaye hatukumjua. Mwembamba, kifua wazi, macho mazito kama aliyekurupuka kitandani. Alipita nyuma ya matangi, akaanza kuanua. Hakuchagua. Alivuta shuka la huyu, sare ya yule, nepi, sweta, akirundika begani, akienda mbio. Hakutuangalia hata kidogo. Sasa mwizi gani anaiba hivyo, mbele ya watu, bila kuangalia nyuma? Hilo ni swali la mtu aliyepumzika. Sisi hatukuwa tumepumzika.

Brayo aliona kwanza. "Hiyo ni dera ya mathe! Mwizi! Manze ndiye huyu!"

Yule mtu akageuka na mzigo wake akatabasamu, akanyoosha kidole juu. "Mfua," akasema, vile kwetu tunavyoitamka mvua. "Mfua inakuja."

Ngumi ya Brayo ilimkuta bado anatabasamu.

Sitakuficha nilichohisi, kwa sababu ndicho ninachokuogopea. Nilihisi haki. Nilisema moyoni, mwacheni ale kidogo. Nikasimama na filimbi mdomoni nikitazama. Alianguka kwenye nguo, akajaribu kuamka, mmoja akamkanyaga vidole. Kamba ya kuruka ikampasua mgongo, ile yenye waya ndani. Mwingine alimwinua kwa nywele akampiga goti la uso, na nilisikia meno, Nekesa, yanavyosikika ni kama kuvunja biskuti. Alikuwa akisema "mfua, mfua," kisha ikawa "mama," kisha ikawa sauti tu. Mmoja akachukua bomba lenye saruji akamshukia nalo ubavuni. Kisha wawili wakaanza kumburuta kwenda ukingoni mwa paa, na mtu akasema, "Turushe huyu! Turushe chini!"

Hapo akili yangu ikarudi. Nikafanya kitu pekee nilichokuwa nimewafunza kukisikia. Nikapuliza.

Wakaacha. Naapa waliacha, wale waliokuwa wakipiga. Walirudi nyuma wakashika magoti wakihema, vizuri kabisa, kama kila siku. Na wale waliokuwa wamesubiri nje ya duara wakaingia.

Nikapuliza tena, kwa nguvu zaidi. Wale wakatoka, wengine wakaingia. Hakuna aliyeniangalia. Nilipiga kelele pia, nilisema acheni, nilisema inatosha, lakini maneno yangu hayakuwa na mazoezi mwilini mwao. Filimbi ndiyo iliyokuwa nayo. Nikashikwa na hofu, na mtu mwenye hofu hurudia anachokijua. Nikapuliza mara ya tatu. Nilikuwa nawaletea mtu huyu mikono mipya, mimi mwenyewe, kila pumzi.

Mara ile ya tatu uliingia wewe.

Ulikuwa umetoka kituo cha tairi. Ulikuwa na nyundo. Uliinyanyua vizuri, kama nilivyokufunza, nyonga kwanza kisha mabega, ukaishusha kwenye goti lake. Mtu yule alikuwa amenyamaza, lakini kwa hiyo akalia tena, kilio ambacho nasikia hadi leo nikivunja mkaa. Ukaiinua mara ya pili.

Sikukushika mkono. Ningeweza. Nilikuwa karibu kiasi hicho. Nilikupiga. Ngumi ya kulia, ya chini ya taya, ile ile niliyommalizia Zuhura, kwa nguvu zangu zote, mtoto wangu wa kumzaa. Ulienda chini kama gunia na nyundo ikaruka mpaka tangini. Na nataka ujue hili, maana umeishi ukidhani nilikupiga ili kumwokoa mtu. Ningependa iwe hivyo. Nilikupiga kwa sababu nilikuwa nimekasirika na nilikuwa nimefika pale mahali pangu, na wewe ulikuwa wa karibu. Ile ngumi haikuwa na mafunzo ndani yake. Jino lilitikisika ukalilea kwa maji ya chumvi wiki nzima bila kuniambia neno, na mimi nikakupikia uji bila kukuambia neno. Hata leo ukitafuna nyama taya linalia. Nisamehe. Ningekuambia kwa mdomo, lakini nikijaribu nakuwa mkali, unanijua.

Wala si mimi niliyekomesha. Aliyekomesha ni Rehema, mke wa mtu yule. Tone la kwanza lilikuwa limeanguka, naye alikuwa amepanda kuanua nguo zake, mtoto yuko mgongoni. Hakupiga kelele. Alimwona mumewe, akafungua leso, akamweka mtoto sakafuni kwenye simiti, akapita katikati ya vijana akalala juu yake. Alilala kifudifudi, akamfunika kichwa kwa mikono. Brayo alimpiga mateke mawili ya mgongo kabla mguu wake haujafahamu. Akapokea yote mawili bila kuinuka. Kisha akasema, uso ukiwa umebana kwa mumewe kwa hiyo sauti ilitoka ndogo, "Alikuwa anawaanulia. Mvua ilikuwa inataka kunyeshea nguo zenu."

Ndipo ikamwagika.

Hiyo ndiyo desturi ya kila ploti, hata wewe ulilelewa nayo. Mvua ikija, aliyeko nyumbani anaanulia wote, na jioni kila mtu anapitia kwake kuchukua chake. Nilikuwa nimewaanulia watu maisha yangu yote. Mtu yule ndiye Wanjala, mlinzi wa usiku, alihamia ghorofa ya tatu wiki ile, mchana hulala. Aliamka akasikia upepo, akatazama wingu, akafanya kile angefanya nyumbani Bungoma. Na sisi, watu wa desturi hiyo hiyo, tulimwona mtu amebeba nguo zetu hatukukumbuka. Tulikuwa tumekasirika kwa muda mrefu, tukahitaji mtu.

Walimshusha kwa shuka, vijana wale wale, wakibadilishana kila ghorofa. Ulibaki umekaa chini ya tangi, mvua inakuosha mdomo. Nilikupita. Nilikupita mara mbili.

Mengine huyajui. Hospitali walimuuliza ameumizwa na nani. Polisi wakaja na kalamu, wakamwinamia kitandani. Kwa jicho lile moja lililokuwa linafunguka alinitazama mimi niliyekuwa nimesimama na chupa ya chai kama shangazi yake, akasema alianguka kwenye ngazi. Nilidhani ni woga. Baadaye nilimuuliza, akasema, "Mama, mke wangu alikuwa anarudi kulala ploti hiyo hiyo." Kwa hiyo hukuandikwa mahali popote. Mwaka huu ulipokwenda kuomba cheti cha tabia njema wakakupa. Kile cheti ulichokitia kwenye plastiki, ukanionyesha ukicheka, kilitoka kwenye goti la mtu yule. Sikutaka kukuharibia siku. Lakini hutakwenda kuvaa magwanda bila kulijua hilo.

Goti halikupona kukunjika. Kazi ya ulinzi ikaisha, maana nani anamweka mlinzi asiyeweza kukimbia? Walihamia Komarock kwa dada yake Rehema. Zile Jumapili ninazokuambia nina mkutano wa kina mama, huwa niko kwao. Mwanzo Rehema alinifungulia geti akaniacha nimesimama. Alikuwa na haki. Nikarudi Jumapili nyingine, akaniacha tena, nikarudi. Siku moja Wanjala mwenyewe akasema niingie, tusiwape majirani la kusema.

Namfanyisha mazoezi. Usicheke, ni mzunguko. Kiti cha kukaa na kuinuka, ukuta wa kusukuma, kidato kimoja cha ngazi, kipande cha mpira wa baiskeli cha kuvuta kwa mguu. Anatoka kituo hadi kituo akiwa ameshika bega langu. Sipulizi kitu. Anapochoka yeye ndiye anasema, "Tuhame," tunahama. Asiposema tunakaa. Hunitukana kwa lugha ya kwetu akidhani sielewi matusi ya vijana wa siku hizi. Mwezi uliopita alipanda kile kidato bila kunishika, kisha akashuka, akaniambia nisimwangalie kwa macho ya sukari, nilimvunja mwenyewe.

Hakuwahi kukutaja mpaka wiki jana. Nilimwambia umeteuliwa. Ingekuwa wizi kumficha. Rehema akaacha kuchambua mboga. Wanjala akaniuliza, "Ndiye yule wa nyundo?"

Nikasema ndiye.

"Nilimwona," akasema. "Wale wengine walikuwa wananiangalia. Yeye alikuwa amefumba macho."

Nikataka kusema aah, basi, mtoto wangu hakutaka, ni dalili ya moyo mzuri. Nilifungua mdomo kabisa. Akanikatiza. "Usinielewe vibaya, mama. Yeye ndiye aliyeniumiza kuliko wote. Angefumbua angeona nimeshalala."

Nekesa, nimezunguka na maneno hayo tangu siku hiyo, kazini na kitandani. Huko uendako watawafunza vizuri kuliko mimi. Watawachosha mpaka mfike pale mahali, kila siku, na hapo ndipo watawapa amri, kwa sababu askari lazima amri imkae miguuni. Silaumu. Mwalimu mzuri hufanya hivyo, nami nilifanya hivyo. Na utakuwa hodari, utatangulia wengine. Ndiyo maana naogopa. Mvivu huchelewa kuingia kwenye duara. Wewe hutachelewa.

Utakuja kusimama barabarani, huenda hapa hapa, mbele ya vijana wa rika lako wenye mawe na midomo. Watakutukana matusi ya mama, yaani yangu. Utakuwa na njaa, na jua, na rungu. Jiwe moja litampata mwenzako. Na amri itatolewa. Siwezi kukuambia usipige kamwe, mimi si wa kusema hivyo, na kuna siku mtu anakujia na panga. Nasema hivi tu: macho yawe wazi. Umtazame uso. Kama bado amesimama anakujia, utajua la kufanya. Kama ameshalala, na mkono wako umeshapanda juu, na nyuma yako wote wanapiga, basi anguka. Jifanye umezimia. Tapika. Lia kama mtoto, useme mguu umevunjika. Ukiweza kufanya kama Rehema, lala juu yake, lakini sikuombi hilo kwa sababu mimi nilikuwa pale na sikuweza. Wakuite mwoga. Wakucheke kambi nzima.

Na wakikufukuza, rudi.

Hili ndilo nimekalia kiti hiki kuliandika. Najua watu wa ploti hii. Najua chapati za Mama Brayo, na jinsi kila mlango umekutegemea, na jinsi nilivyojigamba mimi mwenyewe mpaka aibu. Utafikiri, nitarudije? Utataka kujificha kwa rafiki, au kuvumilia na kupiga ili tu usituaibishe. Usithubutu. Wakikufukuza kwa sababu ulikataa kumpiga mtu aliyelala chini, usinyemelee kwa giza. Njoo mchana. Njoo Jumamosi, watu wakiwa wamejaa kwenye ngazi, upite katikati yao na begi lako kichwani, na nitakuwa nimesimama pale mlangoni nikipiga vigelegele peke yangu.

Ni mimi,
Mama yako.